Salamu za Miezi Tisa

Sauti yangu ni ndogo, lakini sikuzaliwa nayo. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimwita mtu aliye ng'ambo ya barabara anageuka yeye na wengine watatu wasiohusika. Hii ya sasa niliipata kazini. Mimi ni nesi wa wodi ya watoto njiti, zamu ya usiku, mwaka wa kumi na mbili huu, na kule kwetu hakuna anayesema kwa nguvu. Mtoto wa gramu mia tisa ukimfungia mlango kwa kishindo anashtuka mpaka anasahau kupumua. Kwa hiyo tunavaa viatu vya mpira, tunafunga droo kwa viganja viwili, na tunaongea kwa pumzi zaidi kuliko kwa koo. Ukifanya hivyo miaka kumi na mbili, koo linazoea. Hata nikigombana, nagombana kwa kunong'ona. Mume wangu husema kugombana na mimi ni kama kugombana na tairi linalotoa upepo.

Asidhani mtu kwamba sauti ndogo ni upole. Hasira ninazo, tena za karibu, na mwaka ule zilikuwa zimenifika hapa, kwa sababu nilikuwa silali.

Mwanzoni mwa mwezi, asubuhi, dakika chache kabla ya kukabidhi zamu, nilikuwa namlisha mtoto tuliyempachika jina la Karanga. Alizaliwa amejikunja, mdogo, mwekundu, jina likajileta lenyewe. Karanga alikuwa anapewa maziwa ya mama yake kwa mpira mwembamba unaopita puani, mililita mbili kila baada ya saa mbili. Nikavuta maziwa kwenye bomba la sindano, nikainua mkono. Mwenzangu wa zamu, ambaye tumekuwa pamoja tangu chuo, akanishika kifundo cha mkono. Nikatazama bomba. Nilikuwa nimevuta kumi na mbili.

Tumbo la mtoto yule lilikuwa dogo kuliko kidole gumba changu. Nilikaa chini hapo hapo, na mwenzangu akamlisha Karanga badala yangu.

Sista Mkuu wa wodi aliniita ofisini kabla sijavua aproni. Ni mama mmoja mfupi, hana maneno mengi.

"Tangu lini hujalala?"

"Miezi minane, Sista."

Alinitazama akidhani namtania. Aliponiangalia vizuri machoni akaona sitanii.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Sijui utafanyaje huko kwako, lakini ulale. Ukiendelea kuniletea macho hayo, nakuhamishia dirisha la kadi, ukaandike majina ya wagonjwa. Sikuonei. Nakupenda wewe, na Karanga nampenda zaidi."

Nilitoka pale nimenywea. Dirisha la kadi ni kazi ya heshima, na watu wanaifanya vizuri. Lakini mimi ningekufa kwenye dirisha la kadi. Kazi ninayoijua duniani ni kukaa kando ya kitoto kisichojaa kiganja na kusikiliza kikipumua.

Sababu ya kutolala ilikuwa inanisubiri nyumbani, imekaa sebuleni, imewasha redio.

Mama mkwe wangu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nne. Watoto themanini chumba kimoja, na dirisha linatazama kiwanda cha mbao. Wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye vitambi vyao, humwita Kengele mpaka leo, na yeye anafurahi. Baba mkwe alipofariki, mume wangu akamleta akae nasi. Nilimpokea kwa mikono miwili, asije mtu akasema vingine. Nilimpa chumba chenye dirisha zuri. Watoto wetu wako shule ya bweni, nyumba ilikuwa na nafasi, na nilidhani tutapatana.

Siku ya tatu nikajua nimepatikana. Nilikuwa nikirudi kazini saa mbili asubuhi, namwamkia, naoga, najitupa kitandani. Saa tatu taarifa ya habari. Ungedhani msomaji amekaa juu ya mto wangu. Saa nne simu na dada yake: "EHEE! NIMESEMA GOTI! GOTI LA KUSHOTO! LA KULIA HALINA NENO!" Mtaa mzima ulijua habari za goti lile, muuza mkaa aliwahi kuniuliza linaendeleaje. Saa tano zamu ya sufuria, ambazo mama mkwe haziweki, anaziachia zifike zenyewe.

Sasa mama mkwe utamwambiaje? Mimi nimelelewa kwamba mzazi wa mumeo huendi kumwambia kelele zimezidi. Nilijaribu mara moja. Nilitoka na khanga yangu, nikasimama mlangoni, nikasema, "Mama, samahani, naomba nilale kidogo." Alinitazama usoni, kisha akageukia redio yake kama nilikuwa pazia. Nilirudi chumbani nikauma shuka. Kuna pembe ya shuka ile ina alama za meno yangu mpaka leo.

"Mama yako hasikii," nilimwambia mume wangu siku hiyo.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Anashinda kati ya mashine zinazonguruma, na kwa hiyo anaongea kama mtu anayeita kivuko kutoka ukingo wa pili.

"MAMA? MAMA ANASIKIA VIZURI TU! MBONA MIMI NAMSEMESHA ANANIJIBU?"

"UNANIITA, BABA?" mama mkwe aliuliza kutoka sebuleni.

Basi nikajua ni makusudi. Mtu anayemsikia mwanawe kupitia ukuta halafu hanisikii mimi niliyesimama mbele yake, ana lake jambo. Niliendelea kumwamkia kila asubuhi, kwa sababu adabu ni adabu, na yeye akaendelea kunitazama bila kuitika. Mwezi wa kwanza iliniuma. Kufika mwezi wa nne nilikuwa nasema salamu yangu huku navua viatu, nikipita.

Siku ya lile kosa la maziwa nilimlilia mume wangu mpaka akaacha chakula. Jioni ya pili akaja na kikasha cheupe, laini, ukubwa wa kipande cha sabuni kilichokwisha nusu. Ndani yake mlikuwa na vidude viwili vya kuweka masikioni, havina waya.

"Vinasikiliza kelele ya nje, halafu vinaikata," alisema.

"Vinaikataje?"

"Hayo usiniulize. Mimi ni mtu wa majokofu."

Vilikuja na vipira vya saizi tatu. Vya kati viliniumiza, nikaweka vidogo. Kesho yake saa tatu kasoro nikajilaza, nikavichomeka, nikabonyeza. Feni ilikuwa inazunguka juu yangu, na ghafla ikawa inazunguka bila sauti. Nilifikiri umeme umekatika, nikaangalia, panga zinakwenda. Msomaji wa habari aliondoka juu ya mto akaenda zake mbali, mtaa wa tatu huko, nikawekea sauti ya mvua juu yake akaisha kabisa. Sijui ni nani aliyekaa mahali akakifikiria kitu hiki, lakini nilimwombea dua, yeye na waliomzaa. Dua sikuimaliza. Nilishtuka saa tisa alasiri, mate yamelowesha mto, nimelala usingizi wa pono.

Zikapita wiki mbili ambazo nazikumbuka kwa furaha. Vidude vikawa na utaratibu wao kama mtoto mchanga. Nikioga vinakula umeme. Ijumaa navifuta kwa pamba, maana masikio yana mambo yake. Kimoja kiliwahi kuangukia kwenye ndala nikakitafuta nusu saa nikiwa nimekikanyaga. Wodini mkono wangu ulitulia. Karanga akafika kilo moja na gramu mia tano, nami ndiye niliyempima. Sista Mkuu alikuwa akipita ananitazama machoni na kwenda zake bila neno, na kwake yeye hiyo ndiyo sifa. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe.

Siku ya Alhamisi ndiyo nilipoharibu.

Nilikuwa nimeshaamka, lakini uvivu ulinishika. Nimeelekea ukutani, vidude masikioni, nasikiliza wimbo, mguu unacheza. Sikujua kwamba mama mkwe siku hiyo alikuwa amenipikia. Sikujua kwamba amebisha hodi, ameita, ameita tena, mwisho akasukuma mlango. Akaniona niko macho, mguu unakwenda na ngoma, na masikio nimeyaziba.

Nilipotoka nilikuta sahani mezani imefunikwa, chakula kimepoa. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi, na redio inaguruma sebuleni haina msikilizaji. Mume wangu aliingia mbio akiwa na ovaroli yake yenye mafuta. Alikuwa amepigiwa simu.

"Mama, kuna nini?"

"Narudi kwangu, baba. Nyumba yangu bado ipo."

"Kwa nini?"

"Muulize mkeo." Hakunitazama. Hata kwa huzuni sauti yake ilijaa chumba. "Miezi tisa nakaa na huyu binti. Hajanisalimia hata siku moja! Ananipita pale mlangoni, midomo inacheza, ananinung'unikia. Nimenyamaza, nikasema ndiyo vijana wa siku hizi. Leo nimempikia, nimemwita mpaka koo limenikauka, na yeye amelala anacheza muziki, amejiziba masikio asinisikie. Mimi si takataka, baba."

Damu ilinichemka. Kati ya maneno yote, hajanisalimia!

"Mama, mimi nakuamkia kila siku!" nilisema. "Kila asubuhi, kabla sijavua viatu! Wewe ndiye huitiki!"

Nilikuwa nafoka. Kwa kipimo changu, nilikuwa nafoka.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akaninyoshea kidole. "Umeona? Hata sasa. Midomo hiyo."

Mume wangu aliniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akaniangalia tena. Naijua sura hiyo. Ndiyo anayokuwa nayo akikuta jokofu lililomsumbua wiki nzima halikuwa na ugonjwa ila plagi haijaingia vizuri. Akafungua mdomo, lakini mimi nilishatoka mbio kufuata vidude vyangu.

Nilitaka kumwonyesha. Nilitaka avivae asikie ule ukimya, aone kwamba si dharau, ni dawa ya usingizi, na kwamba yeye ndiye ugonjwa. Ndivyo nilivyotaka, sifichi. "Naomba, mama," nikasema, nikamwekea kimoja huku, kimoja huku. Akaniachia, labda kwa mshangao. Kwa hasira nikabonyeza pale pa kukatia kelele, nikabonyeza vibaya, nikang'ang'ania. Ukivibonyeza kwa muda mrefu vidude vile vinageuka: vinaacha kukata sauti ya nje, vinaivuta ndani na kuiongeza. Iliwahi kunitokea nikasikia shuka langu linavyochakarika nikazima upesi.

Mama mkwe alikuwa bado amesimama kando ya begi. Alikuwa na blauzi mkononi. Akaisugua kwa kidole gumba. Akaisugua tena, karibu na sikio.

"Nguo ina sauti," alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe ilivyotoka akajiziba mdomo.

Akainua kichwa.

"Bomba la jikoni linadondosha maji," alisema, safari hii polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mama," mume wangu alijibu kwa aibu, maana ndiye fundi wa nyumba.

"Na redio. Nani ameongeza redio namna hii?"

Akatutazama mmoja mmoja, mwalimu anayetafuta aliyepiga mluzi darasani. Mume wangu akatazama viatu vyake.

"Ndivyo inavyokuwa kila siku?"

"Ndivyo, mama," mume wangu alisema.

Alitoka akaenda sebuleni. Tukasikia redio inashuka, inashuka, mpaka ikawa mtu anaongea chumbani tu. Akarudi akasimama mbele yangu na vidude vyake masikioni, ananitazama midomo.

"Mwambie kitu," mume wangu aliniambia. Hata yeye alinong'ona.

Nimwambie nini? Hasira zote nilizozipanga kwa miezi tisa zilikuwa zimenitoka kichwani. Kilichobaki ni kile nilichokuwa nakisema kila siku, na nikakisema kwa sauti ile ile ya wodini, sikuiongeza hata chembe.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe alikaa kitandani, juu ya nguo alizokwisha kuzikunja.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu." Akapangusa uso kwa blauzi. "Ndiyo uliyokuwa unaisema pale mlangoni?"

"Kila siku, mama."

"Na mimi nakukodolea macho tu."

"Nilidhani hunipendi."

"Wewe ulidhani mimi sikupendi?" Akacheka huku analia. "Mimi nilikuwa namwambia dada yangu wewe ndiye hunipendi. Kwa simu!"

"Tulisikia, mama," mume wangu alisema. "Mtaa mzima ulisikia." Kisha akasema anakwenda kutengeneza bomba, na kweli alikwenda, akatuacha tumeshikana mikono kama watu waliokutana stendi.

Sikujua namna ya kumshukuru mtu niliyekuwa nimemchukia, lakini moyo ulikuwa umenijaa shukrani, mpaka kwa kile kidole changu kilichobonyeza vibaya. Na aibu pia. Nesi mzima! Mtoto wa gramu mia tisa akibadilisha pumzi namsikia nikiwa kitanda cha tatu, na mama wa nyumbani kwangu amepotewa na masikio nimeshindwa kumwona. Yeye hakutuachia hivi hivi. Jioni alitukalisha wawili wetu.

"Mtoto akikosea herufi nilimwambia siku ile ile," alisema. "Nyinyi mmenistahi, mmenistahi, mpaka mmeniacha niwe kichekesho cha muuza mkaa."

Tuliinamisha vichwa.

Usiku ule nilipokuwa najiandaa kwenda kazini alinirudishia vidude ndani ya kikasha chao. "Chukua. Una kazi ya watu." Nikakataa. Nilimwambia akae navyo kesho mchana mmoja tu, tuone. Nilikuwa najua nahatarisha nini. Siku tisa, na macho ya Sista Mkuu.

Kesho yake nilijilaza masikio matupu, nimekunja uso, nikisubiri taarifa ya habari. Saa tatu ilifika nikasikia mnong'ono mdogo wa redio. Saa nne alikuwa anaongea na dada yake kwa sauti ya kanisani, na nikamsikia dada mtu ndiye anayelalamika hasikii. Saa tano nilitega sikio nisikie sufuria. Alikuwa anaziweka moja moja, kama mayai. Baada ya hapo sijui kilichoendelea. Niliamka saa tisa na nusu, sina kitu masikioni.

Ndivyo tulivyoishi mpaka mwezi ukaisha. Chaji ya vidude haimfikishi jioni, kwa hiyo mchana vinarudi kwenye kikasha kula umeme, na mama mkwe anakaa kwenye kiti, mikono mapajani, hagusi redio wala sufuria mpaka taa ya kijani iwake. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Akampima, akasema atapata vifaa vyenyewe hasa, ila foleni ni ndefu. Mama mkwe alimjibu kwamba yeye kwa sasa ana vya mkwewe.

Siku ya mwisho ya mwezi Sista Mkuu aliniita ofisini. Alinishika kidevu akanigeuzia uso dirishani, kama anavyowafanyia watoto wenye manjano.

"Nani amekulaza?" aliuliza.

"Mama mkwe, Sista."

"Mpe salamu zangu. Rudi kazini kwako."

Asubuhi hiyo hiyo Karanga aliruhusiwa. Kilo moja na gramu mia nane. Mama yake alipomfunga kwenye shali, Karanga akapiga ukelele mmoja mkali, na manesi wote tukasimama tulipokuwa tukimsikiliza. Hakuna aliyemnyamazisha.

Nilifika nyumbani saa mbili. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, vidude masikioni tayari, redio imezimwa, simu iko mezani. Nikamwuliza kwa nini anavivaa mapema hivyo wakati hakuna anachosikiliza. Si avitunzie chaji mpaka taarifa ya habari?

"Taarifa ya habari wanairudia saa sita," alisema. "Wewe unarudi mara moja tu."

Nikaweka mkoba chini. Viatu sikuvua.

"Shikamoo, mama."

Akafumba macho kwanza, akaisikia yote.

"Marahaba, binti yangu. Haya, nenda ukalale."